Ushauri: Toyota Celica GT-Four, nichukue ST185 au ST205?

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Uingereza, nimedunduliza miaka sita ninunue gari moja la kutunza, siyo la kwendea kazini. Pasaka ya 1993 baba alitupandisha basi Arusha hadi Nairobi kuona Safari Rally. Celica ya Juha Kankkunen ilipita nikiwa mabegani kwake, vumbi hadi mdomoni. Toyota walishika nafasi zote nne za mwanzo. Tangu siku ile sijapenda gari jingine.

Sasa nimepata mbili, bei zinakaribiana. ST185, umbo la zamani, iliyotoka Japani, lile toleo la magari 5,000 ya kukidhi kanuni za mashindano, na ST205, umbo lililofuata, ya 1995 iliyokaa hapahapa tangu mpya. Zote injini ni 3S-GTE, lita 2, turbo. Naombeni ushauri.

Turbo_Tanga: Chukua 205, mkuu. Nimeendesha zote mbili. Za Japani zilitoka na farasi 255, breki za mbele pistoni nne, na ile miguu (sasipensheni) ya mbele ya Super Strut inang'ang'ania kona utafikiri imegundishwa.

Fundi Mbaraka: Super Strut hiyohiyo ndiyo itakayokufilisi. Boljointi zikiisha inagonga mbele kila ukikata usukani, na spea zake bei haishikiki. Halafu gari zako zote mbili intakula, kile kipoza hewa ya turbo, inapozwa kwa maji. Pampu yake hufa kimyakimya, injini inavuta hewa ya moto huku wewe huna habari. Uliza ilibadilishwa lini.

Kubwa zaidi ni kutu. Huko wanamwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi. Funga sumaku ndogo kwenye kitambaa laini, ipitishe taratibu juu ya matairi ya nyuma, pale bati linapopinda. Isiposhika, ujue ni puti, ile lipu ya kuzibia kutu.

Bi Kona: Kaka, 205 ilishinda raundi moja tu ya ubingwa wa dunia, Corsica 1995, akiendesha Didier Auriol. Mwaka huohuo Catalunya kizuizi cha hewa cha turbo kikakutwa kimechezewa, Toyota wakafungiwa miezi 12. Madereva wa 185 walikuwa mabingwa wa dunia 1992, 1993 na 1994, na Safari ya 1994 ikachukuliwa na Mkenya, Ian Duncan. Baba yako hakukupeleka Nairobi kuona 205.

Turbo_Tanga: Kwa historia sibishi. Kwa kuendesha, bado nasema 205.

Mleta uzi: Nimerudi leo na sumaku. 205 upande wa kulia imeshika vizuri. Kushoto imeteleza hadi ikanidondokea kiganjani. 185 imeshika pote. Nimeinua zulia la buti, kuna unyevu kidogo kwenye mpira wa taa, basi. Nimelipa advansi.

Nimempigia baba Arusha. Ameuliza kitu kimoja tu, kama ni nyeupe. Ni nyeupe.