Seta anayetaka kuwa kocha wa kimataifa aanzie wapi?

Pasi_ya_Juu: Habari zenu wakuu. Nina miaka 29, ni seta (anayewapangia washambuliaji mpira) wa klabu ya mpira wa wavu hapa Tanzania. Nikistaafu nataka kufundisha, ikiwezekana nje ya nchi. Nianze na kozi au timu? Na kwa nini wachezaji wengi wazuri wanashindwa wakipewa ukocha?

MstariWaMita3: Anza na timu mkuu, kozi ifuate. Kozi za ukocha za FIVB (shirikisho la dunia la mpira wa wavu) zina ngazi tatu na hujipeleki mwenyewe; jina linapelekwa na shirikisho la nchi, nalo hupeleka watu linaowaona kazini. Omba kusaidia timu ya vijana ungali unacheza. Useta ni mtaji: Bernardo Rezende wa Brazil alikuwa seta wa akiba kwenye kikosi kilichopata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984, kisha akiwa kocha akawapa wanaume dhahabu ya Olimpiki 2004 na 2016.

Libero_Mkongwe: Swali la pili ndilo zito. Mchezaji mzuri hajawahi kulazimika kueleza anachofanya. Akiwa kocha anafoka "pokeeni vizuri!", na aliyekosea hajui kama shida ni miguu iliyochelewa au viwiko vilivyokunjwa. Taja kosa moja tu kwa wakati.

Halafu hesabu. Kila sevu (mpira wa kuanzisha pointi) mnayopokea ipe alama: 3 kama seta anaweza kumpa mshambuliaji yeyote, 2 kama mshambuliaji wa katikati hawezi tena kupewa mpira, 1 kama mpira umeokolewa tu, 0 kama pointi imekwenda. Sevu 20 zenye 3 mara nane, 2 mara sita, 1 mara nne na 0 mara mbili zinatoa 40, wastani 2.0. Fanya hivyo kwa kila mzunguko kati ya sita (yaani kila mpangilio wachezaji wanapohama nafasi), utaona unaovuja.

Pasi_ya_Juu: Kwetu unavuja nikiwa nafasi ya 1 (nyuma kulia).

MstariWaMita3: Ni kilio cha timu nyingi. Ukiwa nafasi ya 1, mshambuliaji wako wa kulia yuko nafasi ya 4 (mbele kushoto), wa kushoto yuko 2 (mbele kulia). Mkiwa mnapokea hawaruhusiwi kupishana kabla sevu haijapigwa, kwa hiyo shambulizi la kwanza kila mmoja analipigia upande asiouzoea. Wazoeze huko huko, tena kwa mpira uliotoka kwenye sevu halisi, si wa kurushiwa na kocha. Au anza seti ukiwa nafasi ya 6, ile ya 1 ije mwisho wa duara.

Bandari_Voli: Kuhusu nje: Lang Ping alichukua dhahabu ya Olimpiki 1984 akiichezea China, akaenda Marekani kusoma huku akisaidia kufundisha timu ya chuo kikuu cha New Mexico. Baadaye, akiwa kocha, akapata medali ya fedha na Marekani 2008 na dhahabu na China 2016. Alianzia usaidizi, na jina lote lile! Jirani zetu nao ni mlango: Mkenya Paul Bitok amefundisha timu za taifa za Rwanda.

Andaa video za mechi nzima (vipande vya pointi nzuri havimshawishi mtu), takwimu za msimu mzima na mpango wa mazoezi wa wiki 6. Kwenye mkataba angalia sarafu ya mshahara, tarehe ya kulipwa, nyumba, tiketi ya kurudi, na fidia ukifukuzwa katikati ya msimu. Na usipande ndege kabla kibali cha kazi hakijatoka.