Kupiga kambi chini ya Milima ya Udzungwa

Muulizaji: Habari zenu wakuu. Tunapanga kupiga kambi Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa, tukiwa na watoto wawili wakubwa. Naomba ushauri kuhusu msimu unaofaa, na kama tunaweza kupanda hadi maporomoko ya Sanje tukarudi kambini kabla ya giza.

Mtembezi: Nendeni kati ya Juni na Oktoba, kwa sababu masika, yaani Machi hadi Mei, hufanya njia za msituni ziteleze mno. Sanje, ambayo maji yake huanguka takriban mita 170, mnaweza kupanda na kurudi siku hiyohiyo mkianza asubuhi mapema, lakini ni lazima muongozane na askari au mwongozaji wa hifadhi, kwani tembo na nyati wamo msituni humo.

Mama Kambi: Naongezea juu ya hema, jambo ambalo wengi hulidharau. Hata kiangazi mvua huweza kunyesha upande huu wa mashariki, hivyo chagueni hema lenye paa la pili, mlisimamishe mahali palipoinuka kidogo, mbali na kingo za mto na matawi makavu, na kabla ya kulaza watoto mmulike ardhi kwa tochi, maana siafu hawabishi hodi. Bebeni jiko dogo la gesi. Kuokota kuni hifadhini hakuruhusiwi.

Muulizaji: Nashukuru sana. Tutakwenda Julai, shule zikifungwa.