Maneno yangu, mahadhi ya mwenzangu: hakimiliki tusajili vipi?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Wete, natunga mashairi ya taarab. Wimbo wetu mmoja nimeandika maneno mimi, mahadhi katia mwenzangu mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi), tukarikodi kwa simu tu. Sasa kuna kikundi kinauimba harusini: kiitikio neno kwa neno, ubeti wa tatu wamegeuza vina viwili (tena wamevivunja!), na YouTube wameuweka kama wao. Kutuzwa wanatuzwa wao.

Najua haki ya mtunzi haingoji cheti, kazi ikishatungwa na kuandikwa ni yako. Lakini ukenda kudai mikono mitupu, nani atakusikiliza? Ndiyo nataka kusajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huku Zanzibar.

Kinachonitatiza ni hiki. Maneno na mahadhi tusajili pamoja kwa majina mawili, au kila mtu na chake? Mwenzangu anataka pamoja, nusu kwa nusu. Mimi nasita, maana shairi lile nataka nilitie kwenye diwani yangu bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Halafu hakimiliki si jambo la Muungano, Bara wana COSOTA yao na sheria yao. Kikundi hicho hupiga mpaka Tanga. Cheti cha huku kitanifaa kule?

Ushahidi nilionao ni daftari lenye tarehe na sauti nilizomtumia mwenzangu WhatsApp. Aliyewahi kusajili, khasa kutoka Pemba, anambie walimtaka nini na kama ilimbidi avuke Unguja.