Tupeane uzoefu: mpangaji katoka, fremu uliikutaje?

Binti Sinza: Wakuu, jana nimekabidhiwa funguo za fremu yangu ya biashara baada ya mpangaji kukaanga chipsi miaka mitatu. Mkataba uliisha, sikuongeza, kaka wa watu katoka kwa amani. Nimefungua nikabaki nimesimama mlangoni. Pale lilipokuwa jiko ukuta umejaa mafuta hadi darini, ukipitisha kidole kinazama. Jipsamu imeshuka. Soketi zimeng'olewa, nyaya zinaning'inia. Fundi kapiga hesabu, inakaribia kodi ya miezi minne. Mliopitia haya mlianzia wapi?

Fundi Mbagala: Dada, usikubali mtu apake rangi juu ya mafuta, itabanduka. Osha kwa maji ya moto na magadi. Ikikataa, bandua lipu hadi kwenye tofali, piga upya, iache ikauke vizuri ndiyo uite mtu wa rangi.

Kwetu Pazuri: Mimi walibeba hadi kitasa cha choo.

Mzee wa Tabata: Umenikumbusha mpangaji wangu wa bucha. Nilikuwa namdai miezi mitano, nikampa notisi ya maandishi, nakala serikali ya mtaa. Siku ya mwisho hakuja, simu haipatikani, mlangoni kufuli mbili. Nikaogopa kesi, nikasubiri. Siku ya sita jirani wa duka la dawa ananipigia, wateja wake wanapita na khanga puani. Umeme wa LUKU ulikuwa umeisha na friza mbili zimejaa nyama. Tukavunja mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mjumbe na askari mmoja. Maji mekundu yalitoka chini ya friza yakaingia kwenye maungio ya marumaru, funza wanatembea hadi kizingitini. Bwana afya akaamuru nyama ifukiwe. Tuliosha na kuosha, jua likiwaka harufu inarudi. Mwisho nikang'oa marumaru zote na sakafu ya chini yake. Miezi mitatu fremu haina mtu. Mke wangu alikuwa ananipokea nje na ndoo ya maji, nisiingie ndani na nguo zile.

Binti Sinza: Pole sana baba. Na friza?

Mzee wa Tabata: Tuliandika orodha, tukasaini, ziko kwa mwenyekiti. Mali ya mtu siiuzi.

Mpangaji Halisi: Mnalia upande mmoja. Mimi Kariakoo nilitoa kilemba, ile hela ya kupewa fremu, nikaweka marumaru na taa kwa hela yangu. Biashara ilipochangamka nikapewa notisi, fremu kapewa mdogo wake. Taa zangu nisingeng'oa?

Kwetu Pazuri: Taa chukua. Kuvuta na nyaya za ukutani ni wizi.

Mpangaji Halisi: Nyaya nilinunua mimi, risiti ninazo!

Kijana wa Sheria: Ndiyo maana mkataba useme kipi kinabaki na kipi kinaondoka, na mpige picha siku ya kuingia. Mtu akigoma kutoka, anzeni Baraza la Kata. Tangu 2021 hawaamui tena, wanasuluhisha tu. Ikishindikana ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Chapakazi: Mpaka hapo fremu imeshaoza. Piga kufuli lako juu ya lake, atakuja mbio.

Kijana wa Sheria: Atakuja na wakili. Akisema ndani kulikuwa na milioni ishirini, utajibu nini?

Mama Wawili: Mdogo wangu wa Sinza, kaangalie mita. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Fremu ikikaa bila kununuliwa umeme deni linajikusanya. Mimi niliweka 10,000 nikapata uniti za kuhesabu kwa vidole.

Binti Sinza: Asante dada, hilo sikuliwaza. Fundi ameanza kubandua lipu sasa hivi, kumbe mafuta yameingia hadi kwenye tofali.

Chapakazi: Mzee, hizo friza bado zinafanya kazi? Bei gani?

Mzee wa Tabata: Haziuzwi kijana. Mwenyewe akija na deni langu atazikuta.