Mteja mwenye Escudo anataka nimwandikie maneno ya Toyota

FundiStika
Wakuu, salaam. Nina kibanda cha stika hapa Kariakoo. Kazi yangu ni kukata maandishi ya magari: dua za kioo cha nyuma, majina ya watoto, mafumbo ya daladala. Jana kaja jamaa na kava la tairi ya spea, lile la duara linalokaa mlango wa nyuma. Anataka yale maneno ya Kizungu ya zamani, kwamba gari lililo mbele yako siku zote ni Toyota. Nikamwambia lete gari nione litakavyokaa. Kaleta Suzuki Escudo.

Nikamuuliza, bosi, una uhakika? Akajibu: "Hayo ndiyo ninayoyajua. Ya Suzuki siyajui." Nimelala na hilo jibu. Toyota waliweka sentensi yao mahali ambapo huwezi kuikwepa: mgongoni mwa gari. Uko kwenye foleni, huna pa kutazama, unasoma. Na kweli, mbele yako ni Toyota!

Swali langu: tangazo gani la gari mnalikumbuka mpaka leo, lile lililotoka kwa wenye kampuni likawa mali ya watu? Na huyu jamaa nimkatie au nimkatalie?

Pijo_Nakuru
Mkatie, pesa ni pesa. Huku kwetu Kenya hayo maneno tuliyageuza kitambo. Ukikwama nyuma ya Toyota mbovu mlimani, mtu anasema "si waliahidi itakuwa mbele?"

Lakini kwa sisi wazee tangazo lilikuwa Safari Rally yenyewe. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Baba yangu hakusoma bango lolote. Alisimama kando ya barabara na vumbi likamwingia mdomoni, akaamua gari ni Pijo, basi. Halafu Shekhar Mehta akashinda na Datsun miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mzee akanuna miaka yote minne.

Kimeo_Hapana
Mimi ni dalali wa magari, na lililonifunza kazi ni la Volkswagen, Marekani, mwaka 1960. Picha ya Kobe, ile Volkswagen ndogo ya mgongo wa duara, nyeusi na nyeupe, na chini yake neno moja: Limau. Kwa Wamarekani gari likiitwa limau ni kimeo, limekula kwako. Yaani kampuni inaita gari lake kimeo gazetini!

Ukisoma maandishi ya chini ndiyo unaelewa. Gari hilo lilikosa meli. Ule ukanda wa kromu kwenye kisanduku cha dashibodi ulikuwa na dosari, na mkaguzi aliuona ingawa wewe mnunuzi pengine usingeuona. Wanasema kiwandani Wolfsburg wapo watu 3,389 ambao kazi yao ni kukagua tu, wakati magari yanayotengenezwa kwa siku ni 3,000. Wakaguzi wengi kuliko magari! Mwisho wanasema sisi tunachambua malimau, ninyi mnapata matunda matamu.

Sasa jaribu kumwambia mteja "mlango huu una mkwaruzo" kabla hajauona. Mimi hufanya hivyo. Anakuamini kwa yote yaliyobaki. Wenzangu hapa yadi wananiona mwehu.

FundiStika
@Kimeo_Hapana hapo umenigusa. Nikianza kumwambia mteja "herufi hii imepinda" ataomba punguzo, lakini nimekuelewa.

Mbeba_Maboksi
Mimi niko Uingereza, nilifika 1996. Kulikuwa na mfululizo wa Renault Clio, baba na binti wa Kifaransa, na maneno yenyewe mawili tu: "Papa?" "Nicole?" Basi. Kazini mtu akiingia chumba cha chai, mwingine anamwitikia hivyo. Mimi Kiingereza chenyewe kilikuwa kinanipiga chenga, lakini hayo mawili niliyaweza siku ya kwanza. La mwisho lilitoka 1998, Nicole anamkimbia bwana harusi kanisani. Siku ya pili hakuna aliyezungumzia gari.

Kona_Kali
Hamjataja la Afrika Kusini? Mwaka 1988 jamaa mmoja alitumbukia na Mercedes kwenye genge la Chapman's Peak, karibu na Cape Town, akatoka hai. Mercedes wakaigiza ajali ile kwenye tangazo: gari linaanguka, dereva anatoka. BMW wakajibu kwa kupita barabara ileile, kona ileile, na gari lao halikuanguka. Wakamalizia kwa maneno kwamba gari lao linazishinda kona, na kona kwa Kiingereza, "bends", inasikika karibu sawa na "Benz", yaani Mercedes. Jibu lao liliondolewa haraka, maana sheria za matangazo kule hazikuruhusu kumchokonoa mshindani. Walichelewa, watu walikuwa wameshacheka.

Pijo_Nakuru
Hiyo ya BMW ni matusi ya kistaarabu 😂

FundiStika
Mrejesho wakuu. Jamaa kaja leo asubuhi. Nikamsomea majibu yenu, kacheka mpaka kakaa kwenye kreti ya soda. Kasema futa yote, andika kwa Kiswahili, herufi kubwa, njano juu ya nyeusi:

HII SIYO TOYOTA

Ameshaondoka nayo. Dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yake pale taa za Msimbazi kampigia honi na kumnyooshea dole gumba.