Kampuni za utalii Dublin, acheni kutuuzia safari ya Giant's Causeway bila kutuambia habari ya viza!

Wakuu, habari za humu. Hili jambo nimekaa nalo kifuani nimeona likizidi kukaa litanipasua. Uzi ni mrefu, ila kama una ndugu anakuja Ireland kutembea, au wewe mwenyewe unaishi huku na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, soma kabla hujaingiza namba za kadi yako popote.

Kwa wasiopajua huku: kisiwa ni kimoja, nchi ni mbili. Kusini ni Jamhuri ya Ireland, mji mkuu Dublin, hela euro. Kaskazini kuna Ireland ya Kaskazini, mji wake Belfast, hiyo ni Uingereza, hela pauni. Mpakani hakuna geti wala mtu wa kugonga mhuri. Utajua umevuka ukiona vibao vya mwendo vimehama kutoka kilomita kwenda maili. Kwa wenyeji ni kama unatoka Ubungo kwenda Kibaha. Kwa sisi hapana. Viza ya Ireland haikuruhusu kuvuka, na hata kibali cha kuishi Ireland hakikuruhusu, unatakiwa uwe na viza ya Uingereza. Mpango wa viza moja kutumika pande zote mbili upo, lakini ni wa Wachina na Wahindi tu. Halafu kama viza yako ya Ireland ni ya kuingia mara moja, ukivuka ndiyo umeshatoka, kurudi Dublin kihalali unahitaji nyingine.

Sasa Giant's Causeway, ile pwani ya nguzo za mawe, iko wapi? Iko kaunti ya Antrim, huko huko kaskazini. Na ndiyo safari inayotangazwa Dublin nzima, kwenye vipeperushi vya hoteli mpaka mabango ya vituo vya basi. "Ireland kwa siku moja." Ireland ipi?

Mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Amefundisha sekondari miaka na miaka, na kila mwaka alikuwa anachora ubaoni jinsi lava inavyopoa, inasinyaa na kupasuka mpaka inakuwa nguzo za pembe. Pale Antrim ziko kama elfu 40, za basalti, nyingi zina pembe sita, zimepangana mpaka ndani ya maji utadhani kuna fundi alizipima. Zina umri wa kama miaka milioni 60, na UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1986. Wenyeji wana hadithi yao ya jitu Finn McCool aliyejenga barabara ya kwenda Uskoti kupigana na mwenzake. Mama mdogo aliijua hadithi hiyo kabla hajapanda ndege. Alipopata viza ya kuja kunitembelea, alichoniomba ni hicho tu: "Mwanangu, unipeleke kwenye zile nguzo."

Nikaandikia kampuni moja barua pepe kabla ya kulipa. Niliwaeleza wazi kwamba sisi ni Watanzania, mimi mkazi, yeye mgeni mwenye viza ya Ireland, na nikauliza kama kuna karatasi nyingine inayohitajika. Jibu likaja siku hiyo hiyo: hakuna mpaka, hakuna ukaguzi, tuje na viatu vizuri na koti la mvua. Mimi ningeulizia na uhamiaji, lakini mtu anayeuza safari hiyo kila siku ameshanijibu kwa maandishi. Nikalipa euro 80 kwa kila kichwa. Kwa hela ya nyumbani ni zaidi ya laki nne kwa watu wawili.

Asubuhi tunafika kituoni bado giza. Mama mdogo ana chapati kwenye foili, chupa ya chai ya tangawizi na daftari la kuchorea. Tumeshakaa kwenye viti. Dereva anawasha gari, muongozaji anashika kipaza sauti na kusema, kwa sauti ile ile ya kutangaza mahali choo kilipo, kwamba abiria ambao nchi zao zinahitaji viza ya Uingereza wahakikishe wanayo, kampuni haitahusika na litakalotokea. Nikamfuata mbele, nikamuonyesha barua pepe yao. Akainua mabega. Akasema wengi huwa wanaenda tu, uamuzi ni wetu.

Uamuzi ni wetu! Mwanamke wa miaka zaidi ya 60, hajawahi kuvunja sheria ya nchi yoyote, anaambiwa achague kati ya ndoto yake na kuingia Uingereza kinyume cha sheria. Tukashuka. Abiria walikuwa wanatuangalia dirishani, yeye anafunga vizuri foili ya chapati asimtazame mtu. Hilo ndilo sitawasamehe.

Kuhusu hela, wamenijibu kwamba hatukutokea kwenye safari, kwa hiyo hakuna kurudishiwa, na viza ni jukumu la abiria kwa mujibu wa vigezo na masharti. Nimevisoma. Sentensi hiyo ipo, chini kabisa, baada ya habari za mizigo, wanyama na viti vya watoto.

Kuna watu wataniambia "mkuu ungeenda tu, mbona sisi tulienda." Jamani, kutokukaguliwa si ruhusa. Polisi wa Ireland huwa wanapanda mabasi yanayotoka kaskazini na kuuliza karatasi, na malalamiko kwamba wanaoulizwa ni weusi yameshasemwa hadharani huku, si siri. Mzungu wa Australia aliyekaa kiti cha pembeni yako hataulizwa kitu. Wewe ukikutwa, inaingia kwenye rekodi, na ombi lako lijalo la viza, iwe ya kusoma au ya kwenda harusi ya mwanao, linaanza na doa. Muongozaji wa basi hatakuwepo siku hiyo.

Na niseme na hili, maana linaniudhi vilevile: kuzifikia zile nguzo kwa miguu ni bure. Kinacholipiwa pale ni kituo cha wageni na maegesho. Tangazo linaandika "kiingilio kimejumuishwa" kama vile wamekufungulia mlango uliokuwa na kufuli.

Safari zao za kusini nazo si nafuu sana. Tuliwahi kwenda Cliffs of Moher, kaunti ya Clare, na kampuni nyingine. Majabali yanashuka wima baharini, mahali pa juu kabisa ni mita 214, na ukipata hewa safi unaviona mpaka visiwa vya Aran. Ukungu sitawalaumu, ni wa Mungu. Lakini kumtoa mtu Dublin, zaidi ya saa tatu kwenda na zaidi ya saa tatu kurudi, ukampa saa moja na nusu pale kwa sababu kuna duka la zawadi la kuwahi, huo ni wizi wa siku ya mtu. Lala Galway, asubuhi panda basi la umma namba 350, ukae majabalini mpaka uchoke.

Kinachonithibitishia kwamba wanaweza kusema ukweli wakitaka ni Newgrange, kaburi la kale la mawe. Tulienda baadaye, kaunti ya Meath, upande wa kusini, hakuna viza ya pili. Kaburi lile lilijengwa kama mwaka 3200 kabla ya Kristo, piramidi za Giza hazijakuwepo. Linasimamiwa na serikali, na kabla hujalipa unaambiwa kila kitu: huwezi kwenda moja kwa moja, unapitia kituo cha wageni, unapanda basi lao, njia ya ndani ni nyembamba. Ni mita 19, unapita kiubavu kwenye mawe. Ukifika chumbani wanazima taa, kisha wanawasha mwanga mmoja kuigiza jua la asubuhi ya Desemba linavyoingia juu ya mlango na kutambaa sakafuni. Mama mdogo aligusa hewa chini ya lile dari la mawe yaliyopandana, ambalo halijavuja kwa miaka elfu tano, akamuuliza muongozaji maswali mpaka kundi lingine likaanza kusubiri nje. Yule kijana alimjibu yote, kwa heshima. Kumbe inawezekana.

Ninachotaka si kikubwa. Mstari mmoja juu ya kitufe cha kulipia: safari hii inaingia Uingereza, angalia kama unahitaji viza. Na hela yetu irudi. Nimeshapeleka madai benki warudishe malipo ya kadi. Wakikataa naenda mahakama ya madai madogo, ada ni euro 25 na inapokea madai hadi euro 2,000, unajaza mtandaoni bila wakili.

Waliokumbana na hili, wekeni hapa: walikuambia lini kuhusu viza, kabla ya kulipa au ukiwa umeshakaa kwenye kiti? Barua pepe na risiti tunzeni, msifute. Jibu la benki likifika nitalileta kwenye uzi huu huu.