Wanamkata miguu Fred Astaire na hela yetu wanachukua: kifurushi cha "hazina ya dhahabu" ni dhuluma

Wakuu, salaam. Nina hasira, na naziandika hapa kabla hazijapoa.

Kuna huduma moja ya kuangalia filamu kwa intaneti, jina naliacha, walioijaribu wataitambua. Wametangaza kifurushi cha filamu za zamani za Hollywood, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960 na kitu, wakakiita hazina ya dhahabu. Mimi napenda filamu hizo kupita kiasi. Bogart, Bette Davis, Cary Grant, Barbara Stanwyck, hao ndio masteringi wangu, nawajua mpaka mwendo wao wa kutembea. Nikalipia kwa simu siku hiyohiyo bila kumuuliza mtu.

Jana usiku nikafungua Swing Time ya mwaka 1936. Kwa asiyeijua, humo mna wacheza dansi Fred Astaire na Ginger Rogers wakiwa kwenye kilele chao. Karibu na mwisho wapo wawili tu kwenye ukumbi wa dansi ambao watu wameshaondoka, sakafu inang'aa, ngazi mbili zimepinda kushoto na kulia. Wanaagana. Wanaanza kutembea tu, na kule kutembea kunakuwa dansi bila wewe kujua kumekuwa dansi saa ngapi. Inasimuliwa kwamba kipande hicho kilirudiwa mara 47, hadi viatu vya Ginger vikalowa damu. Nimekiangalia tangu nikiwa kijana mdogo. Jana nimekiona bila miguu.

Narudia, bila miguu. Fred anageuka, suruali inaishia vifundoni, chini yake ni ukingo wa tv. Ginger anazunguka, pindo la gauni linapotelea chini ya kioo. Wakifika juu ya ngazi, vichwa navyo vinaliwa. Unasikia viatu vinagonga sakafu usiyoiona.

Sababu ya upuuzi huu ni rahisi. Kabla ya mwaka 1953, ilipoingia CinemaScope na wenzake, yaani mifumo ya picha pana, Hollywood ilitengeneza filamu zake karibu zote kwa umbo linalokaribia mraba: upana 1.37 kwa kimo 1. Tv zetu za sasa ni pana, 1.78 kwa 1. Ukitaka kuonyesha picha yote, unaacha sehemu nyeusi kushoto na kulia, basi, kazi imeisha. Ukitaka kioo kijae, inabidi uikuze picha mpaka iguse pembeni, na kinachozidi juu na chini unakitupa. Pigeni hesabu wenyewe: kinachotupwa ni kama asilimia 23 ya kimo. Karibu robo ya picha! Hawa wamechagua kutupa robo, halafu kwenye tangazo wameandika kwamba ubora umeongezwa.

Na kati ya watu wote wa kukatwa, Astaire! Huyu tangu alipofika studio za RKO mwaka 1933 alishikilia msimamo mmoja: akicheza, kamera imchukue mwili mzima, kichwa hadi unyayo, na picha isikatwekatwe. Hakutaka mtu aonyeshwe uso, kisha kiatu, kisha watazamaji wanaoshangilia. Alitaka uone kwamba ni yeye, ni sasa, na hakuna ujanja. Alipigania fremu ile. Leo mtu mmoja ofisini anabonyeza kitufe, na msimamo wa mtu aliyetuachia kazi ya maisha yake unafutika.

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza: zima kifaa, subiri kidogo, washa tena. Nikawaeleza kwa utaratibu kabisa, nikawatumia picha ya kioo, nikawawekea na hesabu hiyo hapo juu. Jibu la pili: wateja wetu wengi hawapendi mistari myeusi pembeni. Wateja gani? Nani kawauliza? Mtu anayefungua filamu ya mwaka 1936 kwa hiari yake hawezi kuogopa weusi pembeni mwa kioo!

Kinachonichoma zaidi ni kwamba picha nzima wanayo. Fungueni trela ya filamu hiyohiyo, humohumo kwenye huduma yao. Trela ina weusi kushoto na kulia, na miguu ipo, viatu vinang'aa. Mkifungua filamu yenyewe, haipo. Kwa hiyo hakuna cha kusema nakala iliyofika ilikuwa mbovu.

Nikasema labda ni filamu moja. Nikafungua Stormy Weather ya 1943. Wanaojua wanajua: Cab Calloway na bendi yake, kisha ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wanaruka juu ya meza za wanamuziki, wanapanda ngazi kubwa nyeupe, halafu wanashuka kwa kurukana. Mmoja anatua chini miguu imetanuka sawasawa na sakafu, mwenzake anapita juu ya kichwa chake na kutua hivyohivyo ngazi inayofuata, mpaka chini. Inaelezwa kwamba Astaire mwenyewe aliwaambia hakuwahi kuona kipande cha dansi kwenye filamu kinachozidi kile. Sasa fikirieni, mtu anatua kwa msamba, yaani yupo chini kabisa ya picha, na nyie chini ya picha mmeikata. Pale anapotua ndipo penye kila kitu, na hapaonekani.

Filamu hiyohiyo ina mwimbaji mweusi Lena Horne. Huyu mama studio ya MGM walimsaini mwaka 1942, na kwenye filamu zao nyingi walimweka aimbe wimbo wake peke yake, mbali na hadithi, ili majimbo ya kusini ya Marekani yaliyokuwa na ubaguzi yakitaka, wamkate na filamu iendelee kama vile hakuwepo. Alikatwa akiwa hai kwa sababu ya rangi yake. Stormy Weather, aliyoifanya kwa studio nyingine, ni kati ya chache zilizompa nafasi ya kusimama katikati ya hadithi. Na humo humo leo mnamnyoa nywele na kidevu ili tv ijae. Hili sitalisamehe.

Tuje kwenye rangi. Wameweka It's a Wonderful Life ya 1946, ile iliyopakwa rangi, nakala ya nyeusi na nyeupe haipo kabisa. Kuna pahala George Bailey, yaani James Stewart, amekaa baa, ameishiwa kila mbinu, anaanza kuomba Mungu kwa sauti ya chini huku mkono unatetemeka mdomoni. Stewart alisimulia baadaye kwamba machozi yalimtoka bila kupanga, kamera ilikuwa imewekwa mbali, na mwongozaji Frank Capra alilazimika kuikuza picha hiyo fremu kwa fremu ili uso usogee. Ndiyo maana pale picha ina chembechembe kidogo. Sasa juu ya uso huo wamemwaga rangi moja ya pinki, shavu, paji, mkono, vyote sare, na chozi limezama humo. Stewart alipinga filamu hii kupakwa rangi, akapinga hadharani, akaenda hadi Washington kuwasihi wabunge. Hakuwa peke yake. Ginger Rogers alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti mwaka 1987. Baada ya tajiri Ted Turner kununua maktaba ya MGM mwaka 1986 na kuanza kupaka, ikafika zamu ya Casablanca mwaka 1988. Alipoigeukia Citizen Kane alikwama, kwa sababu mkataba wa mwongozaji wake, Orson Welles, na RKO ulimlinda.

Wengine walikwenda mahakamani. Mwongozaji John Huston alifariki 1987 akiwa bado analipinga jambo hili, na watoto wake wakaishtaki televisheni ya Ufaransa iliyotaka kuonyesha filamu yake The Asphalt Jungle ikiwa na rangi. Mwaka 1991 mahakama ya juu kabisa ya rufani kule ikawapa haki. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haya ni manung'uniko ya mashabiki wasio na kazi. Ni ugomvi ambao wenye kazi walishaupigana, na sehemu nyingine wakashinda.

Nyeusi na nyeupe haikuwa umaskini, jamani. Angalieni Marlene Dietrich kwenye Shanghai Express ya 1932. Taa imewekwa juu mbele yake, kivuli kidogo kinaanguka chini ya pua, mashavu yanachongeka, macho yanabaki yanawaka. Mpiga picha Lee Garmes alipata Oscar kwa kazi hiyo. Ukipaka rangi, kivuli kile kinakuwa doa.

Halafu kile kitufe cha kuruka mwanzo. Filamu za zamani zinataja watu wake mwanzoni, mwishoni wanaandika "The End" na taa zinawashwa. Mfumo wao unaruka mwanzo wenyewe bila kuguswa. Nimefungua Vertigo ya 1958, lile jicho na mizunguko ya Saul Bass, mbunifu wa mwanzo huo, pamoja na muziki wa Bernard Herrmann, vyote vimerukwa, nikajikuta juu ya mapaa polisi wanakimbizana. Nimetafuta mahali pa kuzima hiyo kitu. Hakuna.

Na hizi filamu si kwamba ziko nyingi za kuchezea. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 unaonyesha kwamba kama asilimia 70 ya filamu ndefu za kimya za Marekani zimepotea. Mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, inashika moto kama petroli. Mwaka 1937 ghala la studio ya Fox liliungua huko Little Ferry, New Jersey, na kazi za miaka mingi zikaishia humo. Theda Bara, aliyekuwa nyota mkubwa kabisa wa Fox, karibu filamu zake zote hazipo tena. Watu wamehangaika kuokoa zilizobaki, wameshona mikanda, wamesafisha fremu moja moja kwa miaka. Halafu inakuja huduma, inapokea kazi hiyo yote ikiwa safi, inakata robo yake.

NYONGEZA: nimesoma michango yenu. Wawili watatu mmeuliza filamu za wazungu wa zamani zinanihusu nini. Ndugu zangu, zinanihusu kwa sababu nazipenda, hilo linatosha. Lakini kama mnataka la nyumbani, The African Queen ya 1951 ilipigwa Kongo, mto Ruiki, na Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Ndiyo iliyompa Bogart Oscar yake pekee. Mpiga picha Jack Cardiff alibeba kamera ya rangi ya Technicolor, dude zito la kutisha, mpaka kule porini ili tuone mto na mbingu kwa rangi zake halisi. Nimeiangalia kwao leo mchana. Mbingu ya Ziwa Albert imekatwa, na maji yamekatwa. Amebaki Bogart na Katharine Hepburn kuanzia kifuani, kama wako studio. Hatari!, ile ya John Wayne iliyopigwa Tanganyika, haijaguswa sana kwa sababu ni ya 1962 na tayari ni pana, ndiyo pekee niliyoweza kuimaliza.

Aliyesema nibadilishe mpangilio kwenye rimoti: kaka, nimejaribu. Rimoti inabana au inatanua kile kilicholetwa. Miguu haikuletwa.

Nimeomba hela yangu ya mwezi irudishwe na nimewaandikia tena nikidai mambo yaleyale: picha katika umbo lake, nyeusi na nyeupe iwepo hata kama ya rangi ipo, na mwanzo usirukwe. Mwenye kifurushi hicho naomba afungue Swing Time, aende kule mwishoni, apige picha ya kioo aiweke hapa chini, na awatumie nao. Wakipata malalamiko ya mtu mmoja wataniambia nizime niwashe. Na anayejua huduma nyingine inayofika huku na inayoonyesha filamu hizi nzima, aitaje, nitahamia leo.